Miche ya Marsela na Maji ya Maharage

Mwaka 1962, wakati wa kiangazi, chemchemi ya kijiji kimoja huko Rhotia ilikaribia kukauka. Kila alfajiri Marsela alipanda kilimani na debe kichwani. Zamu yake ilipofika alichota kata moja, akasubiri maji yatoke tena, akachota nyingine. Debe lilipojaa, jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la kanisa.

Zamani haikuwa hivyo. Chemchemi ilizungukwa na miti mikubwa. Piusi, mume wa Marsela, ndiye aliyeikata ili apanue shamba la mahindi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na mimi huwaogopa watu wenye haraka wakishika shoka.

Siku moja Piusi alimwambia mkewe, "Mama Cresensia, kaka yangu Josephati anatuita Mang'ola. Kule maji yapo. Tuhame."

"Na mtoto wetu tumwache peke yake?" Marsela aliuliza. Mtoto wao wa pili alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba ile.

Piusi aliinamisha kichwa. "Marehemu hanywi maji. Cresensia anakunywa."

Maneno yale yalimuuma Marsela, lakini yalikuwa ya kweli.

"Nipe mpaka mvua za vuli," alisema. "Nina miche arobaini pale chemchemi. Ikiishi, tunabaki. Ikifa, nitafunga mzigo wangu mwenyewe."

"Mche haujazi debe, mama."

"Najua. Lakini kama hata mche tumeshindwa kuukuza, basi kweli hapa si pa kukaa."

"Haya. Mpaka vuli."

Miche ile ilikuwa ya miringaringa na mikuyu. Marsela alipewa na Hasani, mtumishi wa misitu kutoka Karatu, ambaye watu walimwita Bwana Miti. Aliipanda wakati wa masika. Sasa ilikuwa imenyauka. Tena mkutano wa kijiji ulikuwa umekataza kumwagilia miti kwa maji ya chemchemi. Hata wewe ungekataza, kama watoto wako wana kiu.

Bwana Miti alipofika na baiskeli yake, Marsela alimpeleka kilimani.

"Bwana Miti, nieleze tena. Mti unaisaidiaje chemchemi?"

"Mvua ikinyesha penye ardhi tupu, maji yanakimbia bondeni pamoja na udongo wako," alisema Hasani. "Penye miti, majani yanayapunguzia maji kasi. Mizizi inalegeza udongo, maji yanazama. Hayo yaliyozama ndiyo yanayotoka polepole wakati wa kiangazi. Ila mikaratusi usipande hapa. Ile inakunywa sana."

"Sawa. Na sasa hii yangu niinyweshe nini?"

Hasani alitazama chini barabarani. Pale palikuwa na hoteli ya chai ya Bi Mwajabu. Wakati huohuo Bi Mwajabu alitoka mlangoni na karai, akamwaga maji ya vyombo njiani.

"Yale," alisema Hasani.

"Yale machafu?"

"Machafu husafishwa, mama."

Wakateremka kumwona Bi Mwajabu. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Maji yangu ya vyombo? Chukueni, tena na shukrani juu! Kila siku nagombana na madereva wa malori kwa ajili ya tope hili."

Hasani aliwaonyesha kazi. Walichimba shimo dogo nyuma ya hoteli, wakalisakafia kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Maji ya vyombo yalikaa humo mpaka kesho yake. Mafuta yalielea, wakayaengua. Makombo yalizama chini. Kisha yale ya katikati waliyapitisha kwenye pipa kuukuu lenye matundu chini. Chini kabisa ya pipa waliweka mawe, juu yake kokoto, na juu kabisa mchanga mwingi uliooshwa.

"Maji haya si ya kunywa wala kuoshea mboga," Hasani aliwaonya. "Ni ya miti tu. Yamwage kwenye shina, si kwenye majani. Usiyaweke siku nyingi, yatanuka. Na mchanga ukichafuka, badilisha."

Kila siku Marsela alipandisha madebe manne kilimani. Kila mche ulipata kata moja. Shingo ilimuuma. Wenzake kwenye foleni walimtania.

"Marsela, miti yako inakula ubwabwa siku hizi?"

"Na mchuzi juu," alijibu.

Baada ya majuma matatu hakukuwa na mzaha tena. Majani ya miche yaliungua pembeni, yakawa ya kahawia. Miche saba ilikufa. Piusi alipanda kilimani, akatazama, akarudi nyumbani. Marsela alipofika nyumbani alimkuta anafunga sufuria na jembe kwa kamba.

"Vuli bado," Marsela alisema.

"Macho yangu yameona, mama. Unajitesa bure."

Marsela alirudi kilimani huku analia kwa hasira. Alipiga magoti kando ya mche mmoja. Hapo aliona kitu. Udongo ulikuwa na ukoko mweupe. Aliubandua kwa kucha, akauonja kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa mkali. Ladha ile aliijua tangu utotoni.

Alishuka mbio mpaka hotelini. Hasani alikuwepo, anakunywa chai.

"Bi Mwajabu, maharage yako unapikia nini?"

"Maji na chumvi. Na magadi, kama kila mtu! Bila magadi yataiva lini? Madereva hawasubiri."

"Na maji unayoyamwaga maharage yakishachemka?"

Bi Mwajabu alishika mdomo. "Nayatia shimoni pamoja na ya vyombo."

Hasani aliweka kikombe chini. "Kosa ni langu pia. Niliuliza habari za mafuta na sabuni. Sikuuliza habari za maharage."

"Lakini tunayachuja," alisema Marsela.

"Mchuzi ukiuchuja, chumvi inatoka? Haitoki. Na magadi ni hivyohivyo. Yameshayeyuka, yanapita na maji. Mchanga hauyakamati, nayo ndiyo yanayounguza miche."

Kuanzia siku ile Bi Mwajabu aliweka madebe mawili. La vyombo lilikwenda shimoni. La maharage lilimwagwa mbali, penye mawe pasipoota kitu. Marsela alikwangua ukoko wote mweupe na kuutupa. Akabadilisha mchanga wa pipa. Kisha akaendelea na madebe yake manne, kila siku, na hakumwomba mtu amhurumie.

Mzigo wa Piusi ulibaki umefungwa mlangoni.

Mawingu ya vuli yalipoanza kukusanyika, Piusi alipanda kilimani tena. Safari hii alihesabu mche mmoja mmoja. Ishirini na sita ilikuwa hai, na kwenye mingi majani mapya yalikuwa yanachomoza. Aliteremka nyumbani, akaufungua mzigo. Ile kamba akaenda nayo kilimani, akafungia fito za uzio ili mbuzi wasile miche.

"Hiyo kamba hukuisafirisha?" Marsela alimtania.

"Imeshafika ilikokuwa inakwenda," Piusi alijibu.

Vuli iliyofuata walipanda miche mingine, na majirani wakajiunga nao. Chemchemi haikurudi kwa siku moja. Ilichukua miaka.

Mwaka 1968, mwezi wa kumi, kabla mvua za vuli hazijaanza, Josephati alikuja kutoka Mang'ola kuwasalimia. Alikuta wanawake kwenye chemchemi, na debe linajaa kabla hawajamaliza kujuliana hali. Alisimama kivulini pamoja na Piusi, akainua macho.

"Miti mizuri. Kapanda nani?"

"Mama Cresensia kapanda," alisema Piusi. "Mimi ndiye niliyekata."

Kisha alijitwika debe lake la maji ya vyombo, akaenda kumwagilia miche ya mwaka ule.