Pauni Saba za Upepo

"Kware, rudi jikoni. Una dakika ishirini."

Mkuu wake akakata simu.

Kware alikanyaga mafuta. Toyota ikakata kona mbili mfululizo. Siku tatu nyuma alikuwa ameingia nyumbani kwa mama yake Meneja akijifanya fundi wa mashine ya kuchuja maji, akabandika kinasa sauti nyuma ya tangi lililo chini ya sinki. Meneja alikuwa akiwaingizia wageni silaha kwa makontena, na simu zake za maana alizipokea jikoni kwa mama yake tu. Shehena kubwa ilikuwa inaingia leo. Geti gani la bandari, saa ngapi, hakuna aliyejua. Na sasa Meneja ameapa kuing'oa mashine yote.

Kisa? Maji hayatoki.

Kware alijua sababu, na aliona haya kuikiri hata akiwa peke yake garini. Fundi wa kweli aliyemfunza kazi alimwambia wazi: mwaga maji kwanza, ndipo upime upepo. Yeye, jasusi wa miaka kumi na miwili, akapiga miayo. Akaja akapima tangi likiwa limejaa, kipimo kikasoma pauni thelathini, akaachia upepo mpaka zikabaki saba, kiasi cha tangi tupu. Akajiona bingwa! Kumbe amelinyang'anya tangi nguvu ya kusukuma maji hata ya kujaza glasi.

Bastola yake ya Glock aliifungia garini. Akabeba pampu ya baiskeli.

Mama yake Meneja ndiye aliyefungua mlango. Mkono wake wa kulia ulikuwa na bendeji mpaka kwenye kiwiko.

"Karibu, mwanangu. Nilikuwa nachemsha maji ya kunywa, sufuria ikanimwagikia. Si neno, nitapona."

Si neno! Kware alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliwahi kupigwa risasi ya bega, lakini haikumuuma kama ile bendeji.

Meneja alisimama kando ya sinki, spana mkononi.

"Fundi gani wewe? Mama anasema hukumwaga maji kwanza. Upepo unapimwa tangi likiwa na maji?"

Kware alikuwa ameandaa uongo wa aina sita. Hakutumia hata mmoja.

"Unapimwa likiwa tupu, bosi. Siku ile nilipima limejaa. Nimekosea, na mama ameungua kwa sababu yangu."

Meneja alimtazama. Kisha akacheka, akaweka spana mezani.

"Nakupa dakika kumi."

Kware alifunga maji yanayoingia, akafungua bomba, akaanza kupampu. Maji yaliyokwama yakaruka kwenye ndoo mpaka tangi likakauka. Akapima. Akaongeza kidogo, akapunguza kidogo. Pauni saba, basi. Hata bomu hajawahi kulitegua kwa uangalifu namna ile.

Simu ya Meneja ikaita.

"Geti la tatu. Saa kumi. Lori la bluu." Akakata.

Sauti ya mkuu wake ikanong'ona kwenye kipokezi kidogo sikioni mwa Kware. "Tumesikia. Tunaingia."

Mlango ukapigwa teke. Askari wanne. Meneja aliirukia droo ya vijiko, ilimokuwa bastola. Hakuifikia. Pingu zikalia.

Askari mmoja, asiyemjua Kware, akamwelekezea bunduki. Mama akajitupa katikati, mkono wa bendeji juu.

"Huyu mwacheni! Ni fundi wa maji tu, kijana wa watu. Mtu anayekiri kosa lake mwenyewe, mnadhani anaweza kudanganya?"

Bunduki ikashuka.

"Nenda, mwanangu," Mama alimwambia Kware. "Pita mlango wa nyuma. Haya si yako."

"Kazi safi, Kware," ikasema sauti ya sikioni. "Geti la tatu tumelizingira."

Kware aliokota pampu. Alikuwa na mengi ya kumwambia, lakini alithubutu kusema moja tu.

"Mama, tangi litajaa baada ya saa mbili."

"Asante, mwanangu."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, polepole, mgongo wima, kama alivyofundishwa kuondoka kila kazi inapokwisha. Uso wake uliwaka kwa aibu mpaka akafika kwenye gari.