Jiwe la Nakiru

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la saba pale Lodwar walikimbilia kuchungulia mabakuli yao ya maji ya chumvi. Mwalimu Chelangat alikuwa amewaagiza wakuze fuwele, yaani vipande vya chumvi vyenye pande zilizonyooka. Mwenye kazi bora angepelekwa Kitale kwenye maonyesho ya sayansi ya mwaka huo wa 1976. Nakiru, binti wa mwenye duka, alikuwa ameshaanza kuwaaga majirani.

"Ejoka, Nakiru?" alisalimia Akeno, msichana aliyetoka Kakuma. Bakuli lake lilikaa kivulini, limefunikwa kitambaa kuzuia vumbi.

Nakiru hakuitikia. Alichungulia, akabetua midomo. "Hizi ndizo za kupeleka Kitale? Hata siafu atazipita bila kuziona!"

"Ni ndogo, lakini zimenyooka," Akeno alijibu.

Nakiru, kwa haraka zake, alikuwa ameanika bakuli lake juu ya bati. Jua la Lodwar halina mzaha. Maji yalikauka, yakaacha ukoko mtupu. Badala ya kuanza upya, bibi mkubwa huyo aliteremka kwenye mchanga wa mto Turkwel, akaokota jiwe jeupe linalong'aa, akalitua mezani bila haya.

"Nimelikuza mwenyewe, Mwalimu."

Mwalimu alijaza maji gilasi mbili. Akatia punje moja ya Akeno katika ya kwanza, na jiwe katika ya pili, akakoroga. Punje ikayeyuka. Jiwe likagonga gilasi, ko, ko, ko.

"Chumvi ya ajabu hii," alisema. "Itunze, utajengea msingi wa nyumba."

Darasa likaangua kicheko. Nakiru, aliyezoea kuwacheka wenzake, hakujua auweke wapi uso wake.

"Nililiokota mtoni," alikiri huku machozi yakimlengalenga.

"Tena ulicheka udogo!" Mwalimu aliendelea. "Ng'ambo wako wataalamu wanaopitisha miale ya elektroni katika fuwele ndogo mno, isiyoonekana kwa macho. Ikiwa nene, miale haipenyi. Ikipenya, huacha madoa kwenye filamu, na kwa madoa hayo wao hukokotoa jinsi molekuli zilivyopangika. Wakibuni doa moja tu, kazi yote ni takataka. Sayansi haitaki kikubwa, Nakiru. Inataka cha kweli."

Akeno ndiye aliyekwenda Kitale. Aliporudi, alimkuta Nakiru kivulini, ameinamia bakuli lililofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na punje moja, ndogo kuliko zote alizowahi kuzicheka.

"Ejoka, Akeno?" alisalimia Nakiru, akasogea kumpisha aone.