Tangazo la Miaka Mitano

Pwaa!

Kimya kidogo. Kisha tena: pwaa!

Mpita njia katika uchochoro ule wa nyuma angedhani kuna mtu anachapwa humo ndani. Hakuna aliyechapwa. Yalikuwa mashuka tu. Wanawake wawili walishika shuka, kila mmoja pembe mbili, wakalivuta kwa nguvu hadi likapiga kelele. Kisha walitembea kuelekeana, wakakutanisha pembe, wakakunja, wakarudi nyuma. Mashuka mia tatu kwa siku. Siku nyingine mia nne.

Hicho kilikuwa kiwanda cha kufua nguo. Mashuka yalitoka hotelini yakiwa machafu, yakarudi meupe, na watu waliolala juu yake hawakujiuliza hata siku moja ni mikono ya nani iliyoyakunja.

Mmoja wa wakunjaji aliitwa Mama Pacha. Mwenzake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Mashine za kukaushia zilinguruma tangu asubuhi, kwa hiyo hawakuweza kuongea wakiwa mbali. Waliongea walipokutana tu, shuka likiwa katikati yao. Maneno mawili, matatu, kisha wanaachana. Yaliyobaki yalisubiri shuka linalofuata.

"Wifi, hayo macho vipi?" aliuliza wifi walipokutana.

Wakaachana. Pwaa! Wakakutana.

"Ndivyo nilivyozaliwa."

"Wapi! Kaka yangu hakuoa maiti."

Mama Pacha alicheka kidogo. Hakuwa na nguvu ya kucheka zaidi. Aliamka alfajiri, akawatayarisha pacha wake kwenda shule, akapika, akadeki, akatembea hadi kazini. Jioni angeanza upya.

Kabla ya kuweka shuka kwenye rafu, kila mkunjaji aliligusisha shavuni. Viganja vyao vilikuwa vigumu kwa miaka ya kazi, havikuhisi tena unyevu. Shavu lilihisi. Shuka lenye unyevu, hata kidogo, lilirudi mashineni. Likiachwa rafuni huota kawa, yale madoa meusi ambayo hakuna sabuni inayoyang'oa.

Saa ya chakula mashine zilizimwa. Wanawake walikaa juu ya magunia ya nguo, miguu wameinyoosha. Hapo akaingia Redio. Yeye alikuwa mpanga nguo, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Jamani, mmesikia?"

"Hatujasikia, lakini tutafanyaje, tutasikia tu," alisema mpiga pasi. Alikuwa mkubwa kuliko wote, na wote walimwita Shangazi.

"Nimetoka kliniki. Kile kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, si kilikuwa kila miaka mitatu? Sasa ni kila miaka mitano! Wamebandika mlangoni. Mstari mmoja, muhuri, basi."

"Mitano?" Wifi aliacha kutafuna. "Kwa nini?"

"Hawakusema."

"Wametuchoka," alisema wifi. "Mwanamke akiwa hazai tena, nani ana shida naye? Leo mitano, kesho watasema kumi, keshokutwa watasema tukapimwe akhera."

"Mimi nafurahi," alisema Shangazi. "Lile dude lao la kufungulia, baridi kama jiwe la mtoni! Hata wangesema miaka ishirini, mimi hewala."

"Shangazi, wewe unacheza. Jirani yangu aligundulika akiwa amebaki ngozi na mifupa. Saratani haingoji miaka mitano."

"Basi na wewe pima kila wiki, Redio. Pengine utapunguza maneno."

Walicheka. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa akihesabu kimyakimya.

Mwaka jana alipimwa. Wiki chache baadaye nesi alimwita akamwambia: "Tumekuta virusi. Seli zako bado ziko sawa. Usiogope, lakini urudi baada ya mwaka mmoja." Mwaka huo ulikuwa umetimia wiki iliyopita. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Virusi! Mumewe angeuliza, umevitoa wapi? Na mtu aliyekuwa naye kutwa nzima, shuka kwa shuka, alikuwa dada wa mume huyo huyo.

Sasa lilikuja tangazo. Miaka mitano. Ikiwa ni mitano kwa wanawake wote, basi na yeye amepewa mingine minne. Hana haja ya kuomba ruhusa kwa msimamizi. Hana haja ya kulala tena juu ya kile kitanda kirefu, akihesabu vigae vya dari. Alivuta pumzi, akaegemeza kichwa ukutani.

Hapo ndipo alipokosea. Wala hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hulipenda neno lolote linalomwambia kaa chini, bado kuna muda.

"Mimi miaka yangu mitatu inatimia mwezi huu," alisema wifi. "Watanipima wapende wasipende. Ijumaa tunatoka mapema. Wifi, utanisindikiza."

"Nimechoka, wifi."

"Utachokea kule kule. Kuna viti."

Ijumaa walikwenda.

Viti vilikuwepo, lakini vyote vilikuwa na watu. Walibanana kwenye ukingo wa benchi. Ukumbi ulinuka dawa ya kudekia. Tangazo lilikuwa mlangoni kama Redio alivyosema: mstari mmoja na muhuri. Kila mwanamke aliyelisoma alikuwa na lake la kusema.

"Wanabana matumizi," alisema mmoja.

"Kwangu afadhali," alisema mwingine. "Kuomba ruhusa kazini ni vita."

"Wangetuuliza kwanza. Mwili ni wetu, siyo wao."

Nesi alitoka chumbani. Alikuwa mwanamke wa makamo, amekanyaga viatu vyake visigino kama ndala. Alionekana amechoka kuwashinda wote.

"Nesi," wifi alisimama. "Tueleze. Mmetuchoka?"

Nesi alitazama foleni, akatazama saa, kisha akaketi juu ya meza ndogo.

"Sijawachoka nyinyi. Nimechoka miguu," alisema. "Na hilo tangazo, aliyeliandika alikuwa na haraka. Mna haki ya kukasirika. Sikilizeni. Kipimo chenyewe kimebadilika tangu mwaka jana. Ndiyo maana miaka imebadilika."

"Kimebadilika vipi?"

"Zamani tulichukua seli kutoka mlango wa kizazi, tukaangalia kama zimeanza kuharibika. Siku hizi tunatafuta kwanza virusi vinavyoziharibu. Vinaitwa HPV. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi huanzia kwa virusi hivyo. Kama havipo, seli hazina cha kuziharibu. Hata vikiingia kesho, kwa kawaida vinahitaji miaka mingi kuleta saratani. Kwa hiyo jibu safi la kipimo kipya, hata ukikaa nalo miaka mitano, linaaminika kuliko jibu safi la kipimo cha zamani ulilokaa nalo miaka mitatu."

Wanawake walitazamana. Wifi alikunja uso, akifikiri. Kisha akapiga paja lake.

"Kama mashuka!"

"Mashuka?"

"Sisi tunakunja mashuka, nesi. Zamani mlikuwa mnatafuta madoa ya kawa. Sasa mnatafuta unyevu. Shuka likiwa kavu, weka rafuni, lala usingizi."

Nesi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Dada, uje uandike matangazo yetu."

Benchi lilicheka. Hewa ikalegea. Hapo ndipo Mama Pacha aliposikia sauti yake mwenyewe, ndogo, kana kwamba inatoka kwa mtu mwingine.

"Na shuka lenye unyevu, lakini halina madoa bado?"

Nesi aligeuka. Akamtazama vizuri.

"Hilo haliendi rafuni, mama," alisema polepole. "Miaka mitano ni ya aliyekutwa hana virusi. Aliyekutwa navyo ana tarehe yake. Akiambiwa mwaka mmoja, ni mwaka mmoja. Tangazo la mlangoni halifuti tarehe aliyopewa."

Mama Pacha aliinamisha kichwa. Alihisi wifi yake akimtazama. Miaka sita wamekunja mashuka pamoja. Wifi alijua unyevu hata kabla ya kuugusa.

"Wifi," alisema Mama Pacha kwa sauti ya chini. "Naapa, mimi na kaka yako..."

"Nani kakuuliza habari za kaka yangu?" Wifi alimnyang'anya mkoba. "Lete hapa. Tunaingia wote."

Nesi aliwaingiza wote wawili, akafunga mlango.

"Lazima nikuambie jambo," alisema. "Virusi hivi ni vya kawaida mno. Watu wengi waliowahi kukutana kimwili na mtu huvipata wakati fulani. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Mara nyingine vinajificha miaka na miaka. Huwezi kujua vilikuja lini wala kupitia kwa nani. Kwa hiyo virusi hivi si ushahidi wa jambo lolote. Si dhidi yako, wala si dhidi ya mumeo."

"Na mimi nimekaa nalo mwaka mzima," alisema Mama Pacha.

"Ungeniambia mimi!" alisema wifi.

"Wewe ni dada yake."

Wifi aliuweka mkoba begani. Halafu akasema, "Sawa. Lakini mkunjaji mwenzako nani?"

Siku hiyo walipimwa wote wawili. Wifi aliingia wa kwanza, akatoka akisema kwamba nesi amelipasha moto lile dude kwa maji, na kwamba Shangazi hana tena kisingizio. Kabla hawajaondoka, nesi aliwazuia mlangoni.

"Moja la mwisho, na muwapelekee wenzenu. Miaka hii ni ya mtu asiyeona dalili. Ukitokwa na damu kati ya siku zako, au baada ya kukutana na mumeo, au damu zilishakoma zikarudi, usihesabu miaka. Vilevile uchafu usio wa kawaida, au maumivu ya nyonga yasiyoisha. Njoo wiki hiyo hiyo, hata kama ulipimwa juzi."

Majibu yalitoka baada ya majuma mawili. Wifi hakuwa na virusi. Angerudi baada ya miaka mitano. Mama Pacha bado alikuwa navyo, na safari hii seli zake zilikuwa zimeanza kubadilika. Alipewa siku ya kurudi kutibiwa.

Alimwambia mumewe jioni, wakati pacha wanaoga. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, ameshika mkoba mapajani kama askari. Mumewe, fundi wa matairi, alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja.

"Mwaka mzima umelibeba peke yako?"

"Ndiyo."

Wifi alikohoa, kukohoa kwa dada mkubwa. Mumewe akainuka, akasema, "Siku ya kwenda, nitafunga banda. Watu wa pancha watasubiri."

Siku ilipofika, nesi alimwonyesha Mama Pacha picha ya mlango wake wa kizazi. Alimweleza tena na tena mpaka akaelewa: hii siyo saratani. Ni seli zilizoanza kwenda kombo, na zikiachwa kwa miaka zinaweza kuwa saratani. Kifaa kidogo chenye joto kiliunguza sehemu ile. Dakika chache tu. Maumivu yalikuwa kama ya siku za hedhi, kisha yakapungua. Aliambiwa kwa wiki kadhaa asiinue vitu vizito, na asikutane na mumewe kimwili. Kazini wifi alimweleza msimamizi kwa sauti iliyofika hadi barabarani, na Mama Pacha akapewa kazi ya kupanga foronya akiwa amekaa.

Shangazi naye alikwenda kliniki. Alirudi akilalamika kama kawaida, lakini alikwenda.

Mwezi uliofuata Mama Pacha alirudi kuangaliwa. Mumewe alimsubiri nje, akiwa na mafuta meusi kwenye kucha. Nesi alisema kidonda kinapona vizuri. Kisha akachukua kalamu.

"Sasa sikiliza. Wenzako wengine wataniona baada ya miaka mitano. Wewe nataka nikuone baada ya mwaka mmoja, tuhakikishe hakuna kilichobaki. Najua kazi yako. Najua nyumba yako. Najua utakuwa umechoka."

Mama Pacha alivaa viatu vyake taratibu. Mgongo ulimuuma. Nyumbani kulikuwa na vyombo, na sare za shule hazijafuliwa, maana hata mfuaji ana nguo zake. Alisimama, akamtazama nesi usoni.

"Nesi, siku ambayo sijachoka sijawahi kuiona, na sitaisubiri. Nakuahidi. Baada ya mwaka mmoja nitakuja. Nitakuja nimechoka, lakini nitakuja."