Mfungo wa Lusia

"Mwanangu, yule Lusia, Mkristo wa chuoni kwenu aliyetoka Nyangamara, anamfungia nani Ramadhani?" Bi Mastura, jirani, alimuuliza Nasma sokoni Lindi huku akichagua mihogo.

Nasma akaona aibu. Alidhani anajua: Sadick, wa chuo hichohicho.

Yeye na Sadick walikutana soko hilohilo, nguo za mitumba ndiyo kwanza zimeruhusiwa nchini, wamelivuta gauni moja la kijani huku na huku. Sadick akamwachia. Sasa ameahidi posa ikipita Idi, lakini kila magharibi humpelekea Lusia uji.

Jioni ile Sadick alifika Rasbura, kwa shangazi yake Nasma. Nasma amevaa lile gauni, ananukia udi.

"Laazizi, nijazie bakuli la pili."

"La Lusia?"

"La Lusia."

"Mke mwenza nimpikie mwenyewe? Hata posa haijafika, Sadick. Na juzi kanipa kitenge chake kipya. Nichukue nguo nimwachie mwanamume, siyo?"

Sadick alianza kucheka, akakatiza. "Na wewe kakupa?"

"Na mimi? Nani mwingine?"

"Madaftari kampa Benadetha. Viatu kampa Debora." Akafunua bakuli alilorudi nalo. Uji wa jana umeganda, haujaguswa. "Anayefunga hufuturu, Nasma. Umemwona akifuturu?"

Nasma akakumbuka darasani: Lusia ameegemea ukuta, midomo imekauka. Wote walisema mfungo.

"Tangu amzike mama yake, hali wala halali," Sadick akasema. " Jana nilimuuliza waziwazi kama anataka kufa. Akalia, akakubali."

"Astaghfirullah."

"Matroni nimemwambia. Kesho asubuhi anampeleka hospitali. Leo tumemwacha na Benadetha, lakini Benadetha ana zamu jikoni baada ya isha. Na mimi bwenini kwa wasichana siingii."

"Wiki nzima ukaninyamazia, nikakuchukia."

"Ningekuambia mapema. Nimekosa, mpenzi."

"Umekosa sana."

Wivu haukumtoka mara moja. Tena ilimchoma kwamba yeye, msichana mwenzake, hakuona kitu. Alipakua uji mabakuli mawili, la Lusia na lake, kwa maana alikuwa amefuturu tende moja tu. Akakitoa kile kitenge kabatini. Akakunja mkeka wake wa kulalia, akautia kwapani.

"Nikusindikize?" Sadick akauliza.

Nasma akajifunga kitenge cha Lusia kiunoni, akambusu shangazi yake mkono, akachukua mabakuli, akaelekea bwenini kwa Lusia.