Mikono ya Bibi na Kifungua Kopo

Kila siku ya shule, akirudi na kuvua sare, Chokonoa aliingia mgahawani kwa mama yake, akafagia sakafu, akafuta meza sita na kupanga makopo ya kesho karibu na kiti cha Bibi. Jina lake la shuleni lilikuwa refu na zuri, lakini nyumbani halikuwa na kazi. Tangu alipojua kutambaa, binti huyo hakuweza kuona kitu kilichofungwa asikichokonoe. Saa ya ukutani alikwishaipasua tumbo. Redio ilipona kwa kuwekwa juu ya kabati, naye akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa ameanza kulifikia kabati.

Bibi, mama yake Mama, ndiye aliyefungua makopo ya maharage na nyanya. Alikuwa na miaka sabini na miwili na mikono iliyokunjamana kama karatasi ya sukari, lakini kopo likiwekwa mbele yake halikumaliza dakika.

"Bibi, unakula nini?" seremala wa karakana ya jirani alimuuliza kila alipokuja kula. "Huo mkono unazunguka kama mashine."

"Nilikula seremala mmoja," Bibi alijibu. "Nyama haikuwepo, yalikuwa maneno matupu."

Jumanne moja mgahawa ulipofungwa, Chokonoa alibaki na kifungua kopo mkononi. Alitaka kujua tu. Kwa nini mtu azungushe kile kishikio kidogo cha pembeni, kijisikio, halafu kopo zima lizunguke lenyewe? Alichukua koleo na bisibisi alizopewa na mjomba, akakifungua chote. Vipande vikalala mezani: mikono miwili, kigurudumu kikali cha kukatia, kigurudumu chenye meno, kile kijisikio, na kipete chembamba cha chuma ambacho mafundi hukiita washa.

Kufungua kulimchukua dakika tano. Kufunga kulimtoa jasho. Alipomaliza, kifungua kopo kilikuwa kimetimia, ila washa ilikuwa bado mezani, imetulia kama mgeni asiyejua kwao ni wapi. Chokonoa aliitazama, akakitazama kifungua kopo.

"Basi walikuwa wameweka moja ya ziada," alijiambia, akaitia kwenye mkebe wake wa hesabu.

Jumatano Bibi alibana kopo la kwanza, akazungusha. Kifungua kopo kiliuma kidogo kikateleza. Akabana tena, kikateleza tena. Kopo la tatu lilimtoka mikononi likabingirika hadi kwenye viatu vya seremala.

"Bibi, leo umesahau kula seremala," alisema, lakini alipoona uso wa Bibi akaliokota kopo kimya kimya.

Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Ijumaa chakula kilichelewa, na Mama akamalizia makopo kwa kisu na nyundo. Jioni Chokonoa alimkuta Bibi amekaa kitandani, anajipaka dawa ya kuchua vidoleni na kuminya tambara alilolikunja kama mpira. Aliminya, akahesabu, akapumzika, akaminya.

"Unafanya nini, Bibi?"

"Naibembeleza hii mikono, mjukuu wangu. Inataka kustaafu bila kuniaga."

Chokonoa alifungua mdomo. Kisha akakumbuka maneno ya Mama: ukibomoa kitu kingine humu ndani, hizo bisibisi zinarudi kwa mjomba wako. Akaufunga.

Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajafika, Mama alivuta kiti akakaa karibu na Bibi. Alizungumza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

"Mama, umefanya kazi vya kutosha. Kuanzia Jumatatu kaa nyumbani upumzike. Nitatafuta mtu."

Bibi hakubisha. Hilo lilimtisha Chokonoa kuliko kitu kingine chochote, maana Bibi alikuwa mtu wa kubishia hata saa ni ngapi. Alifungua tu fundo la aproni yake polepole, akamvalisha mjukuu. Aproni ilimfika Chokonoa kwenye vifundo vya miguu.

"Njoo nikufundishe," alisema. "Siku za mapumziko ya shule utamsaidia mama yako. Bana kwa nguvu, zungusha taratibu."

Chokonoa alibana. Akazungusha. Kikateleza.

"Hee," Bibi alisema. "Na wewe umezeeka lini?"

"Mtoto huyo, Mama, hana nguvu bado," Mama alisema, akichukua kisu na nyundo. "Mwache."

Hapo ndipo Chokonoa alipoona kwamba mambo yangeweza kuishia hapo. Yeye mdogo mno, Bibi mzee mno, na hakuna wa kuuliza zaidi. Bisibisi zingebaki chini ya mto wake. Lakini Bibi alikuwa ameiweka mikono yake mapajani, ameigeuza viganja juu, anaitazama kama watu wawili waliomwangusha.

"Si mikono ya Bibi," Chokonoa alisema, na sauti yake ikatoka ndogo. "Ni mimi. Nilikifungua Jumanne. Kuna kitu kilibaki nikakificha."

Mama aliweka nyundo chini. Akapunguza moto chini ya sufuria, akamgeukia binti yake.

"Kukaa kimya siku nne," alisema. "Unamwona bibi yako anavyohangaika, nawe unanyamaza."

"Mgombeze baadaye," Bibi alisema. "Kilibaki nini?"

Chokonoa alikimbia akaleta mkebe. Bibi alishika washa kati ya vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Lete na koleo. Funga mbele yangu, na useme kila kitu kinafanya nini. Usiponiambia nitajua unakisia."

Chokonoa alikifungua tena, safari hii akiwaza. Mikono miwili ikibanwa, alieleza, kigurudumu kikali kinatoboa kifuniko. Kile chenye meno kinakaa chini ya ukingo wa kopo na kuung'ata. Ukizungusha kijisikio, meno yanausukuma ukingo, ndiyo maana kopo linazunguka. Akasita.

"Na washa?" Bibi aliuliza.

Chokonoa alitikisa kigurudumu cha meno. Kililegea, kikacheza huku na huku. Akaivalisha washa nyuma ya kijisikio, akakaza, akatikisa tena. Hakikucheza.

"Inavuta meno yakae karibu," alisema taratibu. "Bila yenyewe meno yanakwepa, hayang'ati."

Bibi alichukua kifungua kopo, akabana, akazungusha. Ulisikika ule mkwaruzo wa siku zote, na kifuniko kikazama kwenye maharage.

Mama alitazama kifuniko, kisha akamtazama mama yake. "Nisamehe, Mama. Sikukikagua kifaa. Nilikukagua wewe."

"Umesamehewa, ila aproni nairudisha sasa hivi." Bibi alimgeukia mjukuu. "Bisibisi zitakaa kwangu mwezi mzima. Baada ya hapo utafungua kitu nikiwa nimekaa pembeni, na kila kipande utakichora kwenye karatasi kabla ya kukitoa. Sikukatazi kutaka kujua. Hata kuharibu si kosa kubwa, mafundi wote wameharibu. Kosa lako ni kunyamaza. Ungesema Jumatano, tungerekebisha Jumatano. Ulipoficha, lawama haikupotea, ilitafuta mtu mwingine wa kumkalia. Ikaja kukaa kwenye mikono yangu, nami nikaitukana siku nne nzima ilhali haina hatia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bibi. Naomba unisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Iombe radhi mikono."

Chokonoa alidhani anataniwa, lakini Bibi alikuwa ameinyoosha yote miwili, anangoja. Akauomba radhi wa kushoto, kisha wa kulia, kwa heshima zote, huku Mama akijigeuza upande wa jiko asionekane anacheka. Mkono wa kulia ulipokwisha kusikia, ulipanda, ukashika sikio la Chokonoa na kulivuta kidogo tu, kwa nguvu ambayo haikuwa na uzee wowote.

"Mkono umekubali," Bibi alisema. "Sasa nisogezee kopo la pili, wateja wanakuja."