Uji wa Ambroise

Asubuhi moja ya mwaka 1969, king'ora cha kiwanda cha Shituru kililia, na Ambroise hakuamka. Martine, mkewe, alimtikisa. Macho nusu wazi, pumzi ikinuka utamu mbaya. Majirani wakambeba hospitali.

Eugénie, mama yake Ambroise, akapiga kelele mlangoni: "Muke ule amemupatia sumu! Mutoto yangu amekonda, anamunyima nyama!"

Majirani wakataka Martine afungwe. Inspekta Adrien wa polisi akamkalisha Martine kwanza jikoni mwa nyumba yake.

"Jana alikula nini?"

"Bukari ya bunga ya mahindi na majani ya sombe. Hapana nyama, hapana samaki, hapana maharagi. Mama Georgette wa hospitali njo alikataza, sababu ini yake imeharibika."

"Na pombe ya lutuku? Rafiki yake Mathieu hapendake kuleta chupa?"

"Mathieu iko kazini Mwadingusha tangu juma jana."

"Na hiki kikombe?"

"Ya uji. Mama mukwe analetaka kila siku. Minye sionjake. Atasema ninakula chakula ya mutoto yake."

Adrien akakwangua kikombe. Chini palikuwa na chembe nyeusi, zenye miiba midogo. Akazinusa. Vinkubala, viwavi vikavu alivyokula tangu utotoni.

Hospitalini alimwonyesha chembe hizo Georgette, muuguzi wa Ambroise. Georgette akamwita Eugénie.

"Mama, sumu iko, lakini haikutoka mu duka. Nyama, samaki, vinkubala, mwili unavivunja vyote, na mule munatoka sumu. Mu ini muko enzimu, vitu vidogo vya kuvunja sumu. Zinaigeuza, inatoka na mukojo. Enzimu za Ambroise hazitoshi tena. Sumu imepanda mu kichwa."

"Nani alitia vinkubala mu uji?" akauliza Adrien.

Eugénie akavutavuta kitenge chake.

"Minye. Dada yangu alinitumia toka Kakanda. Nilivitwanga vikakuwa bunga kabisa, Martine asione, asikatale. Mugonjwa anakula majani tu, kama mbuzi! Akikonda, minye naongeza." Akaachia kitenge. "Kumbe minye njo nilikuwa namuua?"

Adrien akatoka kuwaambia majirani warudi makwao, Martine hafungwi.

Ambroise alitibiwa kwa dawa na maji ya sukari. Alipofungua macho, alimwona Eugénie kwanza.

"Mama, niko na njala."

Mkono wa Eugénie ukaenda kwenye kikapu, ukasimama njiani. Akageuka kwa Martine, akamwachia kiti.

"Uliza muke yako," akasema. "Yeye njo anajua."