Sufuria ya Mwisho ya Bibi Fruma

Kila alasiri, kengele ya shule ilipolia, Mirel Kuperman alivaa koti lake, akajifunga shali hadi puani, akashuka mtaa mrefu mpaka sinagogi. Wenzake wa darasa la sita walikimbilia kiwanjani kuteleza kwenye barafu iliyobaki. Yeye alikwenda kusugua masufuria. Ndiyo iliyokuwa kazi ya wiki mbili za kabla ya Pasaka, na katika mji wa Dunvarra, kisiwani Cape Breton, nchini Kanada, Wayahudi walikuwa wamebaki kumi na tisa tu. Mirel, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Jiko lilikuwa chini ya sinagogi, na mtawala wake alikuwa Bibi Fruma. Hakuwa bibi yake Mirel wa kumzaa, lakini hakuna mtoto wa Kiyahudi mjini hapo aliyewahi kumwita jina jingine. Alikuwa na miaka themanini na minne, kimo cha mtoto wa shule, na ulimi mkali kuliko visu vyake.

“We mtoto, hilo jiko umelisugua au umelipapasa?”

“Nimelisugua, Bibi.”

“Basi limesuguliwa na mtu aliyelala. Rudia.”

Mirel alirudia. Alijua sababu, maana kila mtu aliijua. Kwa siku nane za Pasaka hawakula mkate uliotiwa chachu wala kitu chochote chenye chembe yake, kwa ukumbusho wa wazee wao waliotoka utumwani Misri mbio mbio, hata unga wao haukupata nafasi ya kuumuka. Kwa hiyo kila kabati lilifagiliwa, kila rafu ikafutwa, na vyombo vya Pasaka vikatolewa kwenye masanduku vilimokaa mwaka mzima. Chembe moja tu ya mkate ingeharibu kazi yote.

Mwaka huo kazi ilikuwa nzito kwa namna nyingine. Migodi ya makaa ilikuwa imefungwa, vijana wamehamia Toronto na Montreal, na sinagogi lenyewe lilikuwa limeshauzwa. Bibi Fruma naye alikuwa anaondoka. Sikukuu ikiisha, mwanawe angekuja kumchukua kumpeleka Toronto, kwenye nyumba ya wazee, mahali ambapo chakula huletwa kwenye sinia na hakuna anayeruhusiwa kugusa jiko. Kwa miaka hamsini na mmoja alikuwa amewapikia watu wa Dunvarra supu ya kuku ya usiku wa kwanza wa Pasaka. Hii ingekuwa ya mwisho. Hakuna aliyelisema jambo hilo mbele yake, ila siku hizo watu walikuwa wakishuka jikoni bila shughuli yoyote, wanasimama mlangoni, wanamtazama, kisha wanapanda tena.

Siku ya mkesha ilikuwa Jumatano na shule zilikuwa zimefungwa. Asubuhi, nyuma ya sinagogi, Mzee Zalman aliyekuwa akiongoza sala alichoma mabaki ya mkate wa nyumba zote za Kiyahudi ndani ya debe. Tangu saa hiyo mkate ulikuwa marufuku. Mirel alikula tufaha moja na kiazi kimoja, akaenda jikoni. Njiani akakutana na rafiki yake Sheila. Mama yake Sheila alikuwa akioka maandazi ya Ijumaa Kuu, yale yenye zabibu kavu, na Sheila alikuwa nalo moja la moto kwenye karatasi.

“Chukua, nimekuwekea.”

“Siwezi. Leo hatuli mkate.”

“Si ulile baadaye?”

“Baadaye ndiyo kabisa. Mpaka wiki ijayo!”

Wote wawili wakacheka. Lakini kulirudisha andazi la rafiki aliona ni kumvunjia heshima, basi akalitia mfukoni mwa koti, akajiambia kwamba atawapa ndege. Akawasahau ndege.

Saa saba mchana supu ilikuwa imekaa motoni kwa muda mrefu, na harufu yake ilikuwa imepanda ngazi mpaka barabarani. Bibi Fruma alijishika kiuno. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa uchovu.

“Nakwenda kunyoosha mgongo juu, kwenye benchi,” alisema. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote: akampa Mirel upawa wake. “Engua povu. Isichemke kwa fujo. Nakuachia wewe kwa sababu nakuamini, na pia kwa sababu hakuna mwingine.”

Mirel alifurahi mno. Aliengua povu kama aliyezaliwa na kazi hiyo. Lakini njaa haina adabu, na koti lilikuwa pale pale kwenye kiti. Alijiambia atalinusa tu lile andazi. Akalinusa. Alijiambia atamega kidogo, akamega. Halafu akaitazama supu ile ya rangi ya dhahabu, akachovya andazi ndani yake mara moja tu, kama alivyozoea nyumbani siku nyingine zote.

Kipande kikakatika, kikazama.

Alikitafuta kwa upawa. Kila alipokigusa kilizidi kumegeka, mpaka kikawa chembe chembe zilizopotea kati ya karoti na mafuta. Zabibu moja ilielea, akaitoa kwa vidole na kuungua. Akalisokomeza andazi lililobaki mfukoni, akakimbia kulitupa nje. Aliporudi, Bibi Fruma alikuwa anashuka ngazi, mkono ukutani.

“Mbona umekauka hivyo? Imeungua?”

“Hapana, Bibi.”

“Kuna jambo?”

Ulimi ulikuwa tayari kusema. Lakini Mirel aliuona ule uso uliochoka, akaiona sufuria kubwa, akawaza, “Nikisema, nitamuua.” Akajibu, “Hakuna jambo, Bibi.”

“Vizuri. Nilijua utaweza.”

Maneno hayo yalimchoma kuliko zabibu.

Mchana wote alizunguka na siri yake. Alipanga viti, akakunja vitambaa, akachanganya maji ya chumvi. Kila mara alijiambia, “Nitasema nikimaliza hili,” na kila alipomaliza hili likaja lile. Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta hawakukosea. Saa nane ufa ulikuwa mdogo, saa kumi ukapanuka, na jua lilipotua wanawake wakawasha mishumaa, na Mirel akaona ukuta mzima umelala chini.

Watu wote kumi na tisa waliketi mezani. Mzee Zalman, aliyekuwa na duka la viatu kabla miguu ya mji haijahama, aliinua bamba la matsa, mkate ule usiotiwa chachu, akasema maneno yanayosemwa kila mwaka: kila mwenye njaa na aje ale. Kisha akamgeukia Mirel. Kwa desturi aliye mdogo ndiye anayeuliza maswali ya usiku huo.

Mirel alisimama. Maswali aliyajua tangu ana miaka minne.

“Kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote?” Sauti ilitoka nyembamba. “Usiku mwingine tunakula mkate wenye chachu na usio na chachu. Usiku huu...”

Akakwama. Baba yake, Leyzer, akamnong'oneza maneno akidhani ameyasahau. Watu walitabasamu. Mama mmoja alijifuta machozi, akifikiri mtoto analia kwa sababu ni Pasaka ya mwisho pamoja. Mirel akamaliza kwa shida, akakaa, akajiona mchafu mbele ya watu waliompenda.

Hadithi ya kutoka Misri ni ndefu, na usiku ule ilimwendea Mirel haraka ajabu. Alitamani bahari isigawanyike kwanza. Lakini ikagawanyika, watu wakavuka, wakaosha mikono, wakala matsa na mboga chungu, na Bibi Fruma akainuka. Alikuwa amevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Baba yake Mirel na jirani mmoja waliileta sufuria, mvuke ukiwa umeitanda.

“Fruma, harakisha basi,” alitania Mzee Zalman, “tusije tukarudi Misri kwa njaa.”

“Miaka arobaini jangwani watu walivumilia, wewe dakika mbili zinakushinda?”

Watu wakacheka. Bibi Fruma akajaza bakuli la kwanza, akamwekea Mzee Zalman, kisha akasimama kumtazama, maana kila mwaka alingoja kijiko chake cha kwanza. Mzee akachota. Akapuliza.

“Usile!” Mirel alikuwa amesimama bila kujua amesimamaje. “Msile! Ina mkate. Nimeangusha mkate ndani yake.”

Mzee Zalman akarudisha kijiko bakulini taratibu.

“Mirel!” baba yake akafoka.

“Mwache, Leyzer,” alisema Bibi Fruma. “Mtoto anazungumza na mimi. Mkate gani?”

Mirel akaeleza yote, kwikwi zikimkata: andazi, njaa, kipande, zabibu. Alipomaliza, Mzee Zalman akatikisa kichwa kwa huzuni. Kwa sheria, akasema, Pasaka ikishaingia hata chembe moja inaikataza sufuria nzima. Nyama ilikuwa humo, madonge ya unga wa matsa yalikuwa humo. Hakukuwa na namna.

“Saa ngapi?” aliuliza Bibi Fruma.

“Saa saba, Bibi. Ulipokwenda kulala.”

“Saa saba.” Bibi Fruma aliketi. Kwa miaka hamsini na mmoja hakuna aliyewahi kumwona, akishainuka kugawa supu, akiketi tena kabla kila mtu hajala. “Saa saba kuku wa akina Weiner, waliyemhifadhi hapa kwa chakula chao cha kesho, alikuwa bado kwenye barafu. Walikuja kumchukua saa tisa. Wangalikubali kuniachia, na sufuria ndogo ilikuwa kabatini. Kila mtu angepata vijiko vitatu.”

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomvunja Mirel. Angepigwa kofi angeshukuru.

Wanaume waliibeba sufuria, pamoja na bakuli la Mzee Zalman, mpaka nyuma ya sinagogi. Bibi Fruma alikataa kubaki ndani. “Supu yangu naimwaga mwenyewe,” alisema, “na wewe Mirel njoo unishike mkono.” Wakaiinamisha pamoja. Supu ikamwagika juu ya theluji ya mwisho wa majira ya baridi, ikaiyeyusha, ikaacha karoti na nyama juu ya majani yaliyokufa. Bibi Fruma alilia bila kuficha, kama mtoto, na Mirel akalia zaidi yake. Hakuna aliyewaharakisha.

Waliporudi, watu walikuwa wameshapanga mayai kwenye maji ya chumvi, samaki baridi aliyepikwa jana yake, na viazi. Walikula. Walimpitishia Mirel sahani kwa upole, wakamwita jina lake kama kawaida, hata Mzee Zalman akasema viazi vilikuwa vitamu. Njaa iliondoka. Lakini mabakuli kumi na manane yaliyosalia yalikaa mbele yao makavu mpaka mwisho wa sala.

Baadaye, kwenye karo la jikoni, Mirel alikuwa akikausha sahani kando ya Bibi Fruma.

“Utanisamehe, Bibi?”

“Kusamehe nimekusamehe pale pale ulipofungua mdomo. Ungenyamaza, ningewalisha watu hawa kitu walichoniamini nisiwalishe, halafu ningeondoka nikijisifu. Umeniepusha na hilo, na ulihitaji moyo kusimama mbele ya wote. Moyo huo nimeuona.” Akafunga bomba la maji. “Lakini sikiliza, kwa sababu mwakani sitakuwepo wa kukuambia. Kuangusha kipande cha andazi ni kosa la mtoto mwenye njaa. Ungeniambia saa saba ningekufokea mpaka masikio yakuwashe, halafu tungefunga aproni na kupika. Wewe ulinionea huruma. Ulidhani unanikinga, kumbe ulikuwa unaninyima nafasi ya kutengeneza. Ukiharibu kitu cha mtu, mwambie wakati bado ana muda. Unanielewa?”

“Naelewa, Bibi.”

“Supu ndiyo hairudi. Hilo huwezi kulirekebisha, na mimi siwezi. Libebe tu, na likuume kidogo kila unapotaka kusema ‘hakuna jambo’.”

Akamvuta kifuani, mikono ikiwa bado na maji, wakasimama hivyo kwa muda mrefu.

Siku mbili baada ya sikukuu mwanawe Bibi Fruma alikuja na gari. Watu wote kumi na wanane walitoka kumsindikiza, na Mirel alimbebea mkoba mpaka garini. Bibi Fruma aliishi Toronto miaka miwili, akafia huko. Mirel alikua, akajifunza kupika, na watu waliokula kwake walimsifu sana. Lakini supu ile ya rangi ya dhahabu hakuna mtu wa Dunvarra aliyeionja tena.